Zamu ya Mong'ina ya Kuchagua Kitabu

Mong'ina alirukwa zamu. Walimruka watu ambao alikuwa amewasikiliza mwaka mzima bila kulalamika, na aliyewaongoza kumruka ni Mwalimu Lavender wa Nyanchwa, mwanamke mwenye sauti nzuri na dini. Hakuna aliyemtukana wala kumgusa. Walichukua tu zamu yake ya kuchagua kitabu, wakampa mtu mwingine, na kesho yake wakamsalimia kama kawaida.

Jambo kama hilo ukilisimulia sokoni Mosocho, watu watakuuliza, "Halafu?" Ndiyo maana inafaa lielezwe polepole.

Mong'ina anakaa Itumbe, kwenye mteremko ambao sufuria ikikuponyoka unaifuata mpaka mtoni. Ana chai, ana ndizi nyuma ya nyumba, na ana ng'ombe mmoja mwenye hasira. Hakusoma. Kwao karo ilitosha mtu mmoja tu, na kwa kuwa kulikuwa na mvulana, hakuna aliyehangaika kuuliza ni nani. Mvulana huyo, Obadiah, alisomeshwa mpaka akachoka mwenyewe. Sasa anauza viazi Keroka.

Mumewe, Masese, alienda Kilgoris kukodi shamba la mahindi, akapata mahindi na mke. Hurudi Itumbe mara moja kwa mwaka, bonasi ya chai, yale malipo makubwa ya mwaka, inapotoka. Hufika na mkoba, husimama langoni, hukohoa, hufunguliwa. Bonasi ikiisha anakumbuka kwamba mahindi yake hayana mtu wa kuyaangalia.

Binti yao, Linda, anasafisha vyumba vya hoteli Qatar. Ndiye aliyemtumia mama yake simu ya kioo. Mong'ina aliizoea simu hiyo kwa picha. Watu wa kundi lao la vitabu la kwenye simu aliwajua kwa picha zao: Mwalimu Lavender ni ua jekundu. Ruqiya, mwenye duka la vitambaa mjini Kisii, ni mtoto mdogo aliyevaa miwani ya jua. Osoro, anayebeba abiria kwa pikipiki pale Mosocho, ni pikipiki. Mzee Nyakundi, karani mstaafu, ni Mzee Nyakundi mwenyewe, amevaa suti, anaangalia pembeni kama mtu anayesubiri kuitwa. Mong'ina alipokuwa na la kusema alibonyeza akasema kwa sauti. Wengine walipoandika, aliangalia kama kuna mtu aliyeongezea sauti. Kama hakuna, alichukulia kwamba halikuwa jambo kubwa.

Kundi lenyewe liliitwa Egesangio ya Vitabu. Aliyelipa jina hilo ni Mwalimu Lavender, na hilo likumbukwe.

Egesangio, kwa asiye mtu wa huku, ni wanawake kukubaliana kulimiana. Leo mko kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba wa siku hiyo ndiye anayesema majembe yaanzie wapi. Kama hupendi yalipoanzia, unalima hivyo hivyo, maana siku yako inakuja. Mwenye shamba la mawe analimiwa. Mwenye mdomo mbaya analimiwa. Mwanamke anaweza kugombana na mwenzake Jumapili na Jumatatu akainama kwenye shamba lake, wasiongee, majembe yakaongea. Lakini kumlimia kila mtu halafu siku yako ifike wenzako wapite na majembe begani kama hawaoni lango lako, hilo huku halifanywi. Wapo waliolifanya. Wanatajwa kwa majina hadi leo, pamoja na mama zao.

Mwalimu Lavender alipoanzisha kundi alieleza kwa sauti yake ile nzuri, na Mong'ina alimsikia kwa masikio yake. "Wapendwa, kila mmoja wetu atachagua kitabu kwa zamu, na sisi wengine tutakifuata tutake tusitake. Ni egesangio ile ile ya mama zetu. Tofauti ni kwamba hakuna matope." Na kwa kuwa wengi kundini walikuwa wachumaji wa chai, ambao mikono yao haina nafasi ya kushika kitabu, Mwalimu alijitolea kusoma kila sura na kuituma kwa sauti. Mong'ina alipitisha waya za masikioni chini ya kitambaa cha kichwa, akaingia kwenye chai, akasikiliza.

Alisikiliza kila kitu. Mzee Nyakundi alichagua kitabu cha mtu aliyeanza kwa kuuza mayai akaishia kumiliki majumba. Mong'ina ana kuku, kwa hivyo alisubiri kwa hamu kusikia mayai hayo yaliuzwa wapi. Haikuelezwa. Kila sura iliisha kwa shauri la kuamka mapema, na Mong'ina alikuwa akilisikia shauri hilo akiwa ameshachuma nusu kikapu. Osoro alichagua kitabu cha sayari. Kwa muda mrefu Mong'ina alipalilia akiambiwa habari za dunia nyingine yenye pete, ambako hakuna mvua wala mtu. Ruqiya, kabla ya Osoro, alichagua kitabu cha mauaji kwenye nyumba ya kulala wageni, na hicho, kusema haki, kilikuwa kitamu. Siku muuaji alipojulikana, Mong'ina alichuma bila kuangalia, akachuma na mabua, na karani wa kituo cha majani akamrudishia kikapu mbele ya watu. Hakujutia.

Lakini kitabu kilichomkaa moyoni kilikuwa kile cha kwanza kabisa, alichochagua Mwalimu Lavender mwenyewe. Kilikuwa cha mwanamke aliyeachwa na mumewe. Mwanamke akalia kidogo, akaacha, akalima, akajenga nyumba ya matofali, akachimba kisima. Miaka ikapita. Halafu jioni moja mvua ikinyesha, mume akatokea langoni na sanduku. Mwanamke akatoka, akashika komeo la lango, akasema, "Umekuja na nini, na umeacha nini?"

Sura ikaisha hapo. Mwalimu akakohoa, akasema, "Wapendwa, mitihani imefika, nina karatasi za kusahihisha mpaka dirishani. Zimebaki sura mbili tu. Nimewawekea kitabu chenyewe hapa chini, kila mtu ajimalizie."

Kila mtu akajimalizia. Mong'ina alikifungua kitabu hicho kwenye simu, akaona kurasa. Akazisukuma kwa kidole, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho, ili angalau awe amefika.

Kisha akabonyeza akauliza kundini, "Jamani, yule mwanamume alifunguliwa au hakufunguliwa?"

Osoro alikuwa wa kwanza kujibu, upepo ukivuma kwenye simu yake. "Mama Linda! Ukitaja mwisho mimi nahama kundi! Niko sura ya tano, nasoma nikingoja abiria!"

"Sheria ya kundi," akasema Mzee Nyakundi. "Mwisho hautajwi."

"Malizia mwenyewe, mama yangu," Ruqiya akacheka. "Utamu wote uko hapo. Nikikuambia nitakuwa nimekuibia."

Basi hakuna aliyemwibia. Angeweza kumwomba Linda amsomee, lakini Linda hupiga simu akiwa ametandika vitanda kutwa, sauti imemwisha, na mama hawezi kumwambia mtoto wa namna hiyo amsomee hadithi. Alimsikia Osoro akiwaambia wengine kwamba simu yenyewe inaweza kusoma. Akabonyeza bonyeza mpaka akampata huyo msomaji wa ndani ya simu. Msomaji akasoma nambari za kurasa zote kwa Kiingereza, akaacha maneno.

Mong'ina akaamua kungoja zamu yake. Ingefuata ya Osoro, na Osoro alikuwa kwenye sayari za mwisho. Katikati ya michai alijaribu maneno yake ili siku hiyo yasimkwame: "Mimi ninachagua zile sura mbili. Mwalimu azisome, na nyinyi msikilize tena, hata kama mnazijua." Hakuwa na kitabu kingine. Hakutaka kitabu kingine. Mwaka ulikuwa unaelekea Oktoba, bonasi ingetoka, Masese angekohoa langoni, na Mong'ina alitaka kujua kabla ya hapo yule mwanamke alisema nini baada ya kushika komeo.

Jumatatu moja asubuhi ua jekundu likaandika ujumbe mrefu. Haukuwa na sauti. Chini yake yakaanza kuota madole gumba: dole la Nyakundi, dole la pikipiki, dole la mtoto mwenye miwani, madole mengine mengi. Mong'ina aliutazama. Ujumbe unaowekewa dole na watu wote huwa ni wa msiba au wa pongezi, na kwa yote mawili heshima ni moja. Naye akaweka dole lake, akarudi kwenye chai.

Wiki hiyo Mwalimu akaanza kitabu kipya. Kilichaguliwa na mwanamke anayeitwa Sharon, aliyeko Minnesota, aliyejiunga juzi. Kilikuwa kitabu cha jinsi ya kupata usingizi.

Mong'ina alisikiliza sura ya kwanza akidhani Mwalimu amechanganya. Akabonyeza. "Mwalimu, habari ya kazi. Nafikiri umekosea mlango. Baada ya Osoro ni mimi."

Akajibiwa kwa maandishi. Chini ya maandishi yakaja madole na vikatuni viwili vinavyocheka. Safari hii hakuweka chake.

Bonasi ikatoka. Siku ya pili yake jua likienda kushuka, mtu akakohoa langoni.

"Nani?" Mong'ina akauliza.

"Kwani kuna mwingine anakohoa hivi?"

Mong'ina akatoka, akafuta mikono, akashika komeo. Maneno ya mwanzo alikuwa nayo, na aliyasema sawasawa, bila kutetemeka. "Umekuja na nini, na umeacha nini?"

Masese akamtazama. Hakuwahi kuulizwa hivyo. Akafikiri. "Nimekuja na mkoba," akasema. "Nimeacha mahindi. Fungua, mama, mvua hiyo inakuja."

Na hapo ndipo kitabu kilipokuwa kimeishia. Mong'ina alisimama kidogo akiwa ameshika komeo, kama mtu anayengoja mwenzake amnong'oneze. Hakuna aliyenong'ona. Tone la kwanza likamwangukia mkononi. Akafungua.

Masese alikaa, akala, akasifu ng'ombe, akauliza kwa nini mkewe siku hizi anaziba masikio. Bonasi ilipoisha akakumbuka mahindi yake. Sabato iliyofuata, baada ya kanisa, Mong'ina akakata mkungu wa ndizi, kwa kuwa hata kwa aliyekukosea huendi mikono mitupu, akashika safari ya Nyanchwa.

Mwalimu Lavender alimpokea vizuri sana. Alikuwa bado na nguo za kanisani. "Mama Linda! Wewe na kilima hiki chote! Karibu, keti. Ndizi zote hizi za nini tena?"

"Ni ndizi tu, Mwalimu."

Wakanywa chai. Wakaulizana habari za Linda, za mvua, za mguu wa mchungaji. Kikombe kilipofika nusu, Mong'ina akakiweka chini.

"Nimekuja kuuliza zamu yangu ilienda wapi."

Mwalimu akatabasamu kama anayemtabasamia mtoto aliyenyoosha mkono wakati usio wake. "Lakini tulikubaliana, mama. Tuliacha mambo ya zamu. Sasa mimi na Mzee Nyakundi tunapendekeza, kundi linapitisha. Niliandika nikaeleza yote. Hata wewe uliweka dole. Liko pale."

"Niliweka kwa heshima."

"Heshima ya nini?"

"Nilifikiri kuna mtu amefariki."

Mwalimu akatoa simu yake, akautafuta ujumbe, akamkabidhi. "Hebu ona mwenyewe."

Mong'ina akaishika simu kwa mikono miwili. Akaitazama kwa muda unaofaa. Akairudisha.

"Umeandika vizuri," akasema.

Nje watoto wa jirani waliotoka kanisani walikuwa wakigombania kiatu. Mwalimu Lavender aliangalia simu, akaangalia ndizi, na sauti yake ikashuka ikawa ya kusomea sura za huzuni.

"Mama Linda, nisikukosee. Mimi nilijua. Tangu zamani nilijua. Ndiyo maana sikutaka kukutia kwenye aibu ya kuambiwa uchague kitabu. Nilikuwa nakuokoa. Wewe ni msikilizaji wetu mzuri kuliko wote. Wasikilizaji hatukuwaweka kwenye zamu."

"Wasikilizaji ni akina nani?"

Mwalimu akaongeza sukari kwenye chai yake.

"Ni mimi peke yangu?"

"Kwa sasa," akasema Mwalimu.

Mong'ina akatikisa kichwa taratibu, kama aliyeambiwa bei. "Nikuulize kitu, Mwalimu. Nyanya yako alikuwa na egesangio?"

"Alikuwa nayo."

"Mwanamke akija na jembe la kuazima, amelima kwa wote, siku yake ikifika mnamwambia nini? Kwamba jembe si lake?"

"Mama, lile ni jina tu. Tulitafuta jina zuri."

"Mlilipata."

Mwalimu Lavender akajisogeza mbele kwenye kiti. Hakuwa mtu mbaya. Ni mtu aliyezoea kumaliza mambo kabla kengele haijalia. "Sikiliza. Najua unataka mwisho wa kile kitabu. Sheria niiweke kando. Wacha nikuambie sasa hivi, kwa dakika moja tu, roho yako itulie. Yule mwanamke alipo—"

"Usiniambie."

"Si ndicho ulichopandia kilima?"

"Hapana," Mong'ina akasema, na alipolisema akaona kwamba ni kweli, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe. Mwisho aliutaka. Lakini hakuutaka hivi, kwenye kochi, kama mtu anayepewa chakula mlango wa nyuma wageni wakiwa mbele. "Nilipanda kwa zamu. Uzisome zote mbili kwa sauti, wasikilize wote. Nyakundi akae kimya. Huyo wa Amerika akae macho."

"Hilo sasa litakuwa gumu. Ratiba imejaa mpaka Krismasi."

"Basi asante kwa chai."

Alishuka mpaka mjini akapitia dukani kwa Ruqiya, kupumzisha miguu. Ruqiya alikuwa akipimia mteja kitambaa cha pazia. Aliposikia habari yote aliweka mkasi chini.

"Ule ujumbe mrefu wa Jumatatu? Ndio ulikuwa unasema hivyo?"

"Ndivyo anavyosema."

"Wallahi, mama, mimi sikuusoma. Nilikuwa na mteja. Niliona watu wameweka dole, nikaweka."

Hapo hapo akabonyeza simu, akapeleka sauti kundini, mteja wa pazia akisikiliza. "Assalamu alaikum, na Sabato njema kwa wenye Sabato. Naomba kuuliza. Ule ujumbe wa kuondoa zamu, ni nani aliyeusoma mpaka mwisho?"

Ruqiya alimaliza kukata pazia, akalikunja, mteja akaenda. Ndipo Osoro akaingia na upepo wake. "Mimi nilikuwa na abiria wawili na kuku. Niliweka dole nikiwa kwenye kona."

"Nilidhani ni salamu za mwezi mpya," akasema mwanamke mmoja wa Mosocho.

Sharon wa Minnesota alisema kwamba kwake ilikuwa usiku na alikuwa amelala. Hakuna aliyemshangaa, kwa kitabu alichochagua.

Mwisho akasema Mzee Nyakundi. "Mimi niliusoma wote. Ulikuwa mrefu." Akaongeza, "Hata hivyo madole yalihesabiwa. Uamuzi ni uamuzi. Tukianza kurudi nyuma, kundi litakuwa la nani?"

"Kwa hivyo Mama Linda arudishiwe zamu?" Ruqiya akauliza. "Ndiyo au hapana?"

Mwalimu Lavender akaingia, sauti yake imepoa kama maziwa. "Wapendwa, tusivunje umoja kwa jambo dogo. Hili tutaliangalia mwakani."

Chini ya sauti hiyo dole likaota. Likaota la pili. Ruqiya alizungusha macho duka zima, kama anayetafuta kitu cha kurusha, asikione cha bei nafuu. "Toka kwenye kundi, mama," akasema. "Tutoke wote wawili."

"Sitoki," Mong'ina akasema. "Aliyerukwa hahami kijiji. Anabaki ili wamwone."

Na amebaki. Anasikiliza kila sura wanayoituma. Salamu anajibu, misiba anatoa pole, kwa sauti, kwa jina la aliyefiwa. Dole hajaweka tena kwenye jambo lolote, hata la maombi, na siku hizi ujumbe ukiandikwa bila sauti, mtoto mwenye miwani ya jua huuliza kwanza, "Hiki mmeandika ni nini? Kisemwe." Wanakisema, wakinung'unika.

Mwakani yenyewe imeshafika na kupita nusu. Mwalimu Lavender anadaiwa na Mong'ina wa Itumbe zamu moja, na sura mbili kwa sauti yake mwenyewe, kuanzia pale komeo liliposhikwa. Mzee Nyakundi, aliyesoma akajua, anadaiwa kusema mbele ya wote kwamba alijua. Osoro, Ruqiya na Sharon wa Minnesota wanadaiwa masikio yao kwa sura hizo mbili, wakijua mwisho au wasiujue. Hakuna hata mmoja aliyelipa.